Mshale Upande wa Kulia

Bi Zamzam, karani wa vizazi na vifo, alikuwa na kompyuta mbili mezani: ya kushoto ya waliozaliwa, ya kulia ya waliofariki. Kibodi moja ilipoharibika, fundi aliziwekea programu ili zitumie kibodi moja na kipanya kimoja. Ukisukuma mshale hadi ukingoni mwa skrini hii unavukia ya pili, na maandishi yanaufuata.

Asubuhi hiyo alimaliza kumhudumia mjane, kisha akaja kijana amembeba binti yake wa siku tisa ndani ya kanga. Mtoto alikuwa akilia kwa nguvu zote.

"Jina la mtoto?"

"Ridhaa Shomvi."

Bi Zamzam aliandika huku akimtazama mtoto, akahifadhi. Alipogeuka, skrini ya kushoto ilikuwa tupu. Jina lilikuwa kulia, chini ya la marehemu wa yule mjane, na tarehe ya leo.

Akabonyeza kufuta. Mshale ukaganda. Printa ya vyeti vya vifo ikaanza kunguruma.

Hapo ndipo alipogundua kwamba kilio kimekatika.

"Afadhali, amelala," kijana alinong'ona akitabasamu.

Bi Zamzam aliitazama kanga. Alijua ni kosa la karatasi tu, mkuu wake angelifuta kwa sahihi moja. Alijua.

"Mwamshe."

"Ndiyo kwanza amepata usingizi, mama."

"Nakuomba, baba. Mwamshe mwanao."

Karatasi ikatoka, ikaanguka sakafuni. Tabasamu likamwisha kijana. Akaanza kuifunua kanga, polepole.