Tarehe Saba Agosti

Jael alisikia mlipuko ukitoka upande wa tao, katikati ya mji, na mabati ya nyumba yao mtaani Gatwekera yakatetemeka. Mumewe alikuwa ameketi kitandani.

Ilikuwa tarehe saba Agosti, mwaka wa tisini na nane. Tarehe kama hiyo, miaka mitatu nyuma, moto ulimuua binti yao, Awuor. Tangu hapo Jael aliiogopa siku hiyo, na asubuhi alimsihi mumewe asiende kibarua chake cha kuosha madirisha mjini. Mumewe akakubali.

"Ni bomu!" jirani alipaza sauti nje baada ya muda, redio ikiwa sikioni. "Nyumba zimeanguka huko tao!"

Jael alimkumbatia mumewe shingoni. "Asante Yesu! Baba Awuor, si ungekuwa huko?"

Mumewe hakumkumbatia. Vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania magoti.

"Kuna mtu nilimwambia anishikie kazi leo," akasema.

"Nani?"

"Ndugu yako."

Mikono ya Jael ilimtoka shingoni polepole. Nje, watu walishaanza kukimbia kwa kufuata reli kuelekea mjini.

"Vaa shati," Jael alimwambia. "Twende tumtafute."