Mkono Ule Ule

Mwalimu wa sanaa aling'oa pini ya mwisho, na picha nzuri kuliko zote ukutani ikamdondokea mikononi.

"Hii hairudi," alisema. "Wazazi wakija mchana kuangalia maonyesho, hawataikuta."

Mwenye picha, msichana wa darasa la nne mwenye rangi ya kijani kwenye kucha, hakulia. Wenzake walikuwa wamekwenda bombani kuosha brashi, na darasani walibaki wao wawili.

"Utaitoa, Mwalimu," alisema, macho makavu, "lakini nimeichora mwenyewe."

Mwalimu alikuwa amechoshwa na wazazi. Kila muhula aliwapa watoto kazi ya sanaa wakafanyie nyumbani, na kila muhula zilirudi kazi za watu wazima: kinyago kilichopigwa msasa na mjomba seremala, kikapu cha shangazi, chungu ambacho kingeweza kwenda sokoni moja kwa moja. Mwaka huu alijifunga kibwebwe. Alikuwa amekwisha kulirudisha gari la waya la mtoto wa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu mpaka leo alikuwa anamwitikia salamu kwa nusu mdomo. Ukuta huu ni wa watoto, alisema, na wa kununa na anune.

Sasa hii. Ilikuwa picha ya mwanamke anayetia uzi kwenye sindano, ncha ya ulimi imetokeza kwa kukazana. Mwalimu aliipenda tangu alipoitia machoni. Kisha akakiona kidole gumba. Kilikuwa kimepinda kwa nje, kimebonyea kwenye pingili, na alikuwa anakijua. Kwenye bango la kinyozi kilishika mkasi. Kwenye bango la fundi viatu kilishika nyundo. Hata kwenye bango jipya la lango la shule kilikuwapo, cha mtoto aliyeshika penseli chini ya herufi za kijani. Na mabango yote hayo fundi wake alikuwa mmoja, mama wa msichana huyu huyu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mabango.

"Nenda kamwite mama yako."

Mama Mabango alifika akihema, mikono ameitumbukiza kwenye mifuko ya koti lake la kazi. Mwalimu alimsogezea kiti na kikombe cha chai.

"Chai sitaki, Mwalimu, ahsante. Nasikia mwanangu ni mwongo."

"Sijasema mwongo. Nimesema kasaidiwa."

"Si ndiyo yale yale?"

"Mama, mimi nakuheshimu, na kazi yako naipenda. Lakini mkono huu ndio uliochora bango la langoni. Ukinibishia hilo utakuwa unayatukana macho yangu."

"Macho yako ni mazima," Mama Mabango alisema. "Na picha hiyo mimi sijaigusa."

Mwalimu alishusha pumzi. Huyu naye kichwa ngumu, alijisemea. Alichukua karatasi nyeupe akamwekea msichana mbele.

"Haya. Chora mkono ulioshika brashi. Hapa hapa."

Msichana alichora. Hakufuta hata mara moja. Mkono ulitokea, kisha brashi, kisha kidole gumba kile kile kilichopinda. Mwalimu alikitazama, lakini alikuwa amekwenda mbali mno kurudi nyuma.

"Umemfundisha kuiga," alimwambia mama. "Kuiga si kuchora. Chora na wewe hapo pembeni, tuone yupi anamfuata mwenzake."

"Sichori."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sitaki."

"Basi jibu langu nimelipata." Mwalimu alivuta droo ya meza ili aitie picha ndani.

"Mama," msichana alisema. Sauti yake ilikatika kwa mara ya kwanza. "Picha yangu."

Mama Mabango alimtazama binti yake. Akatazama mlangoni, akaenda akaufunga, akarudi mezani.

"Utakachokiona hapa kiishie hapa, Mwalimu. Wakikijua huko nje, hakuna atakayeniletea kazi tena, na ndiyo tunayoila."

Kisha akautoa mkono wa kulia mfukoni.

Penseli iligonga meza ta-ta-ta kabla haijafika kwenye karatasi. Aliushika mkono kwa mkono wa pili, na wa pili nao ukatetemeka. Alikaza meno, akavuta mstari. Mstari ulikwenda huku na huku kama uzi uliofumuka, na kidole gumba alichokuwa anajaribu kukichora hakikufanana na kidole cha mtu. Hakuacha. Alikimaliza chote, akaisukuma karatasi upande wa Mwalimu.

"Hali hii ina zaidi ya mwaka," alisema. "Haya, linganisha."

Mwalimu hakulinganisha. Alikuwa anatazama dirishani, kule langoni, ambako bango jipya lilikuwa bado linanuka rangi.

Msichana alikwisha kuinuka. Aliichukua picha yake mezani bila kuomba ruhusa, akairudisha ukutani mahali pake, akaikandamiza pini kwa kidole gumba kilichopinda kwa nje.

"Hilo nililimaliza Jumapili, Mwalimu," alisema bila kugeuka. "Mama alinishikia ngazi tu."