Picha za Mama Nyundo

Nyundo ilitua mezani, upana wa kidole tu kutoka kwenye mkono wake.

"Ziko wapi?" mumewe aliuliza.

"Zimo humo." Aliionyesha kompyuta kwa kidevu. Mdomo wake wa chini ulikuwa umeshapasuka.

Kofi likamwangusha pamoja na kiti. Kiti kikagonga ukuta, na jirani wa upande wa pili akaongeza sauti ya redio. Jengo zima lilishazoea. Kazi ya mwanamke huyu ilikuwa kupima programu za kuhifadhi nakala na kurejesha mafaili: anaijaza kompyuta vitu, kisha anaiponda, anaichoma au anaitosa kwenye ndoo, aone programu itaokoa nini. Basi kishindo kikitoka kwake, watu hucheka tu, Mama Nyundo yuko kazini. Mwaka mzima alipigwa, na majirani wakamsifu kwa uchapakazi.

Asubuhi hiyo, chai ikiwa mezani, alikuwa amemwambia mumewe kwamba kila kipigo amekipigia picha na kesho anazipeleka polisi. Alisema taratibu, kama anayeomba sukari.

Sasa mume alimvuta nywele hadi pua ikagusa kioo cha kompyuta. "Picha zipi? Siku niliyokuvunja mkono? Niliyokusukuma ngazini?"

"Ya pasi umeisahau, bwana."

"Ya pasi ulijitakia. Shukuru sikukuchoma na upande wa pili."

Hakuwa mjinga. Alishamsikia mkewe akihubiri kila siku kwamba nakala moja si nakala. Akapekua hadi akapata diski kwenye droo ya vijiko, na flashi ndani ya pochi. Akazisaga juu ya meza ileile, akimwangalia mkewe usoni. Mkewe alilia ipasavyo.

Kompyuta aliiweka mwisho. Taa ndogo ya kijani juu ya kioo iliwaka mpaka nyundo ilipoifikia.

"Kawaonyeshe polisi vigae," akasema, akatoka akipiga mluzi.

Mchana mwanamke alifika ofisini, jicho moja limefumba. Bosi wake, mzee wa utani mwingi, alimtazama na utani ukamwishia. Alipohadithiwa yaliyotokea asubuhi, akavuta kiti karibu. Programu iliyokuwa ikipimwa wiki hiyo ilikuwa ya aina isiyongoja: kila kinachoingia kwenye kompyuta, nakala yake inaruka hadi ofisini palepale. Wakaanza kuirejesha kwenye mashine nyingine.

"Na hizo picha za mwaka mzima, mwanangu, zimepona?"

"Sikuwahi kupiga hata moja, mzee."

Akabofya faili pekee lililokuwemo, video ya asubuhi hiyo. Kwenye kioo ukajaa uso wa mumewe, nyundo mkononi, ukiuliza: "Siku niliyokuvunja mkono?"