Kivuli cha Kanga

Umeme ulipokatika, mfuniko wa sufuria uligonga gizani, na mume wa Mwajabu akaruka kitandani. "Huyo anakuja," alisema, akamsukuma mtoto wao.

Tangu mchana alikuwa akiona watu wasiokuwepo. Mwajabu alikuwa amechuma mchicha uani, majani ya mnanaha, mmea wa sumu unaolewesha, yakaingia bila yeye kujua, na mume peke yake ndiye aliyekula. Zahanati walimtibu, wakasema ulevi utaisha. Lakini mume alikuwa hamjui hata mtoto wake.

"Ana jini huyu, tumshike," alisema jirani aliyekuja mbio, akimmulika kwa tochi ya simu.

Mume akapiga kelele. Hapo Mwajabu akaona: kila tochi ikitikisika, kanga iliyoanikwa kambani humo chumbani inatupa kivuli ukutani, kirefu, chenye mikono.

"Shemeji, zima hiyo," alimwambia jirani. "Asante, nenda kapumzike."

Akaianua kanga, akawasha taa ya sola na kuiweka sakafuni. Akaanza kumsugua mumewe nyayo, taratibu, kama anavyomsugua mtoto mwenye homa. Vidole vilivyokakamaa vikalegea kimoja kimoja.

Mume akacheka. "Mke wangu, kumbe mchicha wako unalewesha."

Kisha akanyoosha mkono. "Na wewe kibonge wangu, mbona umejificha?"

Mtoto akachungulia nyuma ya mlango.

"Baba amenijua."