Mara Moja Mlimani

Kila mtu aliruhusiwa kupanda Kilimanjaro mara moja tu maishani. Aikande na mumewe Eliawony waliitunza nafasi yao mpaka mume alipostaafu, na kufikia hapo kumbukumbu zilikuwa zimeshaanza kumtoka.

Walipanda wakati wa kiangazi, hoteli ya watu wanaokuja kuteleza kwenye theluji ikiwa imefungwa. Miteremko yake, bila theluji inayotengenezwa kwa mashine msimu wa kuteleza, ilikuwa imejaa maua ya porini. Eliawony alivua viatu akatembea majanini, akicheka kama siku ya harusi yao. Aikande alilia kwa furaha.

Kesho yake asubuhi, wakiwa wamesharudi nyumbani, Aikande alimkuta mumewe mlangoni, amekwisha kuvaa buti.

"Mama Manka, twende. Leo si ndiyo siku yetu ya mlima?"

"Tulikwenda jana, Baba Manka."

"Bila mimi?" aliuliza, machozi yakimlengalenga.

Aikande hakuwa na moyo wa kubishana naye. Alimshika mkono wakaenda hadi lango la hifadhi, Aikande akabandika kiganja chake kwenye kioo kinachotambua waliokwisha kupanda. Lango halikufunguka.

"Labda bado mapema," alisema Eliawony, akaketi chini kusubiri.

"Labda," alijibu Aikande, akaketi kando yake.