Nywele Alizosuka Mama

"Kaa nikufumue, mwanangu. Msusi gani mimi, naremba vichwa vya mtaa mzima na cha nyumbani kwangu kimechakaa?"

"Mimi si wako."

"Haya, wa jirani. Kaa hivyo hivyo."

Binti akakaa. Tangu aletwe kulelewa katika nyumba hii, hakuna aliyekigusa kichwa chake. Mkia wa kitana ulifumua msuko mmoja baada ya mwingine, na nyuzi nyeusi zikadondoka sakafuni, bado zimejikunja vilevile zilivyofungwa. Ulipobaki msuko mmoja nyuma ya sikio, binti akaufunika kwa kiganja.

"Huu acha."

"Kichwa kipya, na msuko mkuukuu mmoja? Watanicheka! Nitakusuka vizuri kuliko hivi."

"Hivi alinisuka mama kabla hajafa."

Mlezi akatazama nyuzi zilizozagaa miguuni pake. Hata angeziokota zote, asingeweza kuzirudisha. Akaweka kitana chini.

"Alianzia wapi?" akauliza. "Nionyeshe, nami nianzie hapo."

Binti hakuondoa kiganja.

"Alianza kwa kuniuliza kama naumia."