Mama wa Kitanda cha Dirishani

"Usimwamshe, mama. Iache damu ifanye kazi yake," muuguzi alisema.

Yule mama aliondoa mkono kwenye paji la uso la kijana upesi, kama mtu aliyefumwa akiiba, akaurudisha mapajani. Ndani ya kiwiko chake cha kushoto palikuwa pamebandikwa pamba kwa plasta.

Muuguzi alikuwa ameingia zamu ya mchana muda si mrefu. Mwenzake aliyekuwa akitoka, akipiga miayo huku anabadili viatu, alimkabidhi wodi kwa maneno machache. "Wa kitanda cha dirishani alianguka kutoka kwenye jengo linalojengwa, asubuhi. Amepasuliwa. Amewekewa damu ya yule mama pale. Mwangalie presha." Basi, akaenda zake.

Muuguzi alimfunga kijana mkanda wa presha mkononi, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Inapanda vizuri. Umemwokoa, mama. Asubuhi jokofu letu la damu lilikuwa na baridi tu, ndani hamna kitu. Ungechelewa kidogo, sasa hivi tungekuwa tunasema mengine."

Mama alikuwa akitazama matone yakidondoka kwenye mrija, moja likifuata jingine, kama mtu anayeogopa yakikosa kutazamwa yatasimama.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa amelazwa mzee aliyevunjika mguu. Wodi nzima walimwita Redio, kwa vile hakuna aliyejua pa kumzimia.

"Sista," akadakia, "mimi nilikuwa nikiliona lile hema la kuchangia damu, nakata kona kama mbuzi aliyeona wingu. Nasema, damu yangu yenyewe ya kuungaunga, nimgawie nani?"

"Ndivyo tulivyo, mzee. Kila mtu anangoja mpaka wake alazwe, ndipo mbio zianze. Na damu haitoki huku ikaingia kule kama maji ya bomba. Lazima ipimwe, na kupima kunakula muda. Inayomwahi mgonjwa ni ile iliyotolewa mapema na mtu asiyemjua hata kwa sura."

Aliyasema hayo akimtupia mama jicho, maana alitaka naye asikie, akawaeleze wenzake huko atokako.

"Kweli, binti yangu," mama alisema polepole. "Kupima kunakula muda."

Muuguzi alimletea chai ya rangi yenye sukari nyingi, ya kurudisha nguvu. Mama alishukuru, akakishika kikombe kwa mikono miwili. Muuguzi aliporudi baada ya kuwazungukia wagonjwa wengine, chai ilikuwa vile vile, imepoa, na mama amesimama anajifunga mtandio upya.

"Ataamka lini, sista? Nikimwona amefumbua macho, nitakwenda."

"Uende wapi?"

"Nina safari. Ndugu yangu amekwenda kutafuta gari."

Muuguzi alihisi hasira ikimpanda. Katika wodi hii alikuwa amewaona akina mama waliolala sakafuni, wakafukuzwa na mlinzi kwa mlango wa mbele, wakarudi kwa mlango wa jikoni.

"Mama, nisamehe, wewe ni mkubwa kwangu. Lakini ni safari gani hiyo isiyoweza kungoja, mtoto mwenyewe hata fahamu hazijamrudia?"

"Hii haingoji," mama alisema, akakaa tena.

Muuguzi aligeuka, akaenda kutandika vitanda ambavyo tayari vilikuwa vimetandikwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, alijisemea, akilivuta shuka kwa nguvu. Huyu basi alizaa, au aliokota?

Jua la alasiri lilikuwa limefika kitandani kijana alipojigeuza, akaguna, akafumbua macho. Mama aliinama haraka. Kijana alimtazama kwa muda mrefu, kama anayejaribu kusoma bango lililo mbali. Midomo yake ilikuwa mikavu, imepasuka.

"Mama yuko wapi?"

"Dawa za usingizi hizo," muuguzi alisema, akicheka kidogo. Alilowesha pamba, akampitishia midomoni. "Mama si huyu hapa, hajabanduka tangu umelazwa?"

Lakini mama alikuwa ameukamata mkono wa kijana. Ulikuwa mkono mgumu, saruji bado imeganda kwenye kucha. Alivipapasa vidole, kimoja baada ya kingine, kama vinavyopapaswa vya mtoto mchanga.

"Yuko njiani," alimwambia. "Amepigiwa simu. Anakuja, mwanangu. Wewe vuta pumzi tu."

Kijana aliitikia kwa kope, akafumba macho tena, safari hii kwa usingizi wa kawaida. Muuguzi alimgeukia mama ili amuulize ni nani huyo aliye njiani, lakini mlango wa wodi ulifunguka. Mwanamume mmoja alisimama pale, kofia mkononi, macho mekundu.

"Dada," aliita kwa sauti ya chini. "Gari limefika. Wameshamtoa chumba cha maiti."

"Wamemtoa nani?" muuguzi aliuliza.

Mama aliinuka. Aliuchukua mkono wa kijana, akauweka ndani ya mkono wa muuguzi, akamkunja vidole aushike.

"Mwanangu. Walianguka pamoja. Damu yangu ilipokwisha kupimwa, wangu alikuwa ameshakwenda, nikasema basi apewe huyu. Nishikie mkono wake, binti yangu, mpaka mama yake afike."